Kutoboa Tundu Lililonyooka kwa Drili ya Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo mafundi seremala, waunda vyombo vya baharini na watu wanaojifanyia kazi zao wenyewe nyumbani, Unguja na Pemba, huyarudia kila wanapoona tundu likienda upande. Katika ukurasa huu, biti ni chuma kinachozunguka na kukata, taya ni meno yanayoibana biti hiyo kwenye kichwa cha drili, na mwongozo ni kifaa chochote kinachoishikilia drili au biti ili isitoke katika mstari wake.

## Mambo ya msingi

1. Mwongozo wa drili ni nini hasa, na unafanya kazi gani?

Drili ya mkono ina nguvu za kuzungusha biti, lakini haina chochote kinachoielekeza. Mwelekeo wote hutoka katika mkono na jicho la anayeishika. Mwongozo huipokea kazi hiyo ya kuelekeza na kuikabidhi kwa uso wa kitu kinachotobolewa. Kitako chake hukaa juu ya mbao, na biti hulazimika kushuka kwa pembe iliyopangwa dhidi ya kitako hicho, ambayo kwa kawaida ni pembe mraba.

Kutokana na hilo hufuata jambo ambalo majibu mengi ya hapa chini yatalirejea: mwongozo hunakili uso unaoukalia. Ikiwa mbao imepinda, au haijapigwa randa, au kuna vumbi la msumeno lililobaki chini ya kitako, tundu litapinda kwa kiasi kilekile, na kifaa hakitakuwa na lawama.

2. Kwani fundi mzoefu haoni kwa jicho lake? Kosa dogo lina madhara gani?

Jicho la fundi si la kudharauliwa, na kwa kazi nyingi linatosha. Tatizo ni kwamba mtu anayesimama nyuma ya drili huona vizuri inapoegemea kulia au kushoto, lakini haoni sawasawa inapoinamia mbele au inaporudi nyuma, kwa sababu mwinamo huo uko katika mstari mmoja na macho yake. Ndiyo maana matundu mengi yaliyopinda hupinda kuelekea kwa fundi au kumkimbia, na mara chache hupinda upande.

Ama madhara ya kosa, hayo hutegemea urefu wa tundu. Drili iliyoinama kwa digrii moja tu, katika ubao wa milimita 40, hutokeza biti milimita 0.7 nje ya alama, jambo ambalo hakuna atakayelijua. Digrii hiyo hiyo moja, katika tundu la kina cha milimita 100 kwenye ukingo wa mlango, ni karibu milimita 1.8. Katika ukuta wa zamani wenye unene wa milimita 450 inafikia milimita 8, na mwinamo wa digrii tatu, ambao ni wa kawaida kabisa kwa mtu aliyechoka, hutoa kosa la zaidi ya milimita 23 katika ukuta huohuo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama unahitaji mwongozo, uliza kwanza tundu lako litakuwa na kina gani, na kama upande wa pili kuna kitu kinacholisubiri.

3. Kuna aina gani za miongozo, na ipi inunuliwe kwanza?

Aina rahisi kuliko zote ni kipande cha chuma au cha mbao ngumu chenye tundu moja au matundu ya vipimo mbalimbali, ambacho hubanwa juu ya kazi na biti kupitishwa ndani yake. Matundu ya vile vizuri huwa na bushi, yaani vibomba vifupi vya chuma kilichokomazwa vilivyopachikwa ndani yake, ili biti isiyale. Aina ya pili ni mwongozo wa nguzo: kitako cha mviringo au cha mraba, nguzo mbili zenye springi, na kichwa kinachopanda na kushuka juu ya nguzo hizo. Aina ya tatu ni stendi ya mezani, ambayo huigeuza drili ya mkono ikafanana na drili ya kusimama, lakini kazi lazima ipelekwe kwenye stendi na si stendi kwenye kazi. Kisha kuna vifaa vya kazi maalumu, kama vya vitasa, bawaba na pini za mbao, ambavyo vimeelezwa katika maswali ya 10 hadi 13.

Kwa seremala wa samani na milango, maoni yetu ni kwamba aanze na kipande chenye bushi na skwea (kipimio cha pembe mraba) nzuri, na fedha iliyobaki ainunulie klampu mbili. Mwongozo wa nguzo unafaa kununuliwa na anayefunga vitasa vingi, au anayetoboa mbao nene mara kwa mara. Stendi ya mezani hutamanisha dukani, lakini zile za bei nafuu zina nguzo nyembamba inayolegea, na drili ikisukumwa kwa nguvu kichwa chote huinama. Kabla ya kulipa, itikise stendi kwa mkono. Ikicheza dukani, itacheza zaidi kazini.

4. Je, mwongozo wowote huingia katika drili yoyote?

Hapana. Stendi nyingi huibana drili shingoni, nyuma kidogo ya taya, na zimetengenezwa kwa shingo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 43, kipimo ambacho watengenezaji wengi wa Ulaya hukifuata katika drili za waya. Drili nyingi za betri hazina shingo hiyo, kwa hiyo hazibaniki. Pima shingo ya drili yako kabla ya kwenda Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, kuliko kurudi dukani na kifaa kilichokwisha kufunguliwa.

Miongozo ya nguzo ya siku hizi imeliepuka tatizo hilo kwa kuwa na taya zake yenyewe: biti hubanwa kwenye mwongozo, na mkia wa mwongozo hubanwa kwenye drili, kama vile mkia huo ndio biti. Aina hii hukubali drili yoyote, ya waya au ya betri, mradi taya za drili ziweze kuushika mkia wake. Hasara yake ni kwamba kifaa kizima huongezeka urefu, na kitako pamoja na taya hula sehemu ya biti, kiasi kwamba biti fupi hubakiwa na kina kidogo cha kukata.

5. Drili yangu ina kiputo cha pimamaji mgongoni. Hicho hakitoshi?

Kiputo hukueleza jinsi drili ilivyokaa kwa mujibu wa ardhi, na hakijui lolote kuhusu mbao uliyo nayo. Ukiwa unatoboa ukuta uliosimama wima kweli, au ubao uliolazwa sawa kabisa kwa pimamaji, kitakusaidia. Mlango ulioegemezwa, au kiti kilichopinduliwa juu ya majani ya ua, si kazi yake. Vilevile taa ya leza iliyowekwa katika baadhi ya drili huonyesha mahali pa kutoboa, na mara nyingi haisemi chochote cha kuaminika kuhusu pembe.

## Kukitumia kifaa

6. Ni utaratibu gani unaofaa wakati wa kutoboa?

Anza na alama. Chora mistari miwili inayokatana, kisha pigilia kitobo kidogo kwa punchi au msumari uliochongwa, mahali inapokatana. Mwongozo husahihisha pembe na hauwezi kusahihisha alama iliyowekwa pabaya, ingawa wengi huutarajia ufanye hivyo. Mistari ichorwe mirefu, ipite nje ya kitako, ili baada ya kukiweka kitako uendelee kuona kama kiko katikati.

Futa uso wa mbao na sehemu ya chini ya kitako. Weka ncha ya biti kwenye kitobo kwanza, halafu shusha kitako hadi kilale chote, kisha kibane kwa klampu. Kukishika kwa mkono kunawezekana kwa tundu dogo, lakini biti inapoanza kung'ata hukivuta kifaa, na milimita moja hupotea bila mtu kuhisi. Anza kwa mwendo wa polepole hadi biti ijichimbie nyumba yake, ndipo uongeze kasi.

Toa biti kila baada ya kina cha sentimita mbili au tatu ili unga utoke. Unga unaojazana katika mifereji ya biti huisukuma ubavuni, na katika mwongozo wenye bushi hukwama kati ya chuma na chuma, ukatoa moshi na kuilegeza bushi.

7. Nimetumia mwongozo, na bado biti imekwenda upande. Kwa nini?

Mara nyingi sababu imo ndani ya mbao. Biti nyembamba ni chuma kinachopindika, na inapokutana na sehemu ngumu iliyolala mshazari huifuata njia iliyo laini. Mvule una tabia ya kuwa na vijiwe ndani yake, madini ya chokaa yaliyoganda katika mti, ambavyo huizuia biti na kuikata makali kwa pamoja. Mbao ya mnazi ni ngumu karibu na gome na laini kuelekea moyoni, na nyuzi zake ngumu zimetapakaa katika nyama laini, kwa hiyo biti huyumba kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Mninga na mtiki ni wapole zaidi kwa jambo hili.

Dawa ya kwanza ni biti yenye ncha katikati na makali mawili pembeni, ile ya mbao, badala ya biti ya chuma ambayo ncha yake butu huteleza. Dawa ya pili ni kunoa au kubadilisha biti, kwa sababu biti iliyonolewa upande mmoja kuliko mwingine hukata tundu pana na lililopotoka hata ikiwa mwongozo ni mpya. Dawa ya tatu ni kuanza na tundu dogo, lakini hapa pana mtego: biti kubwa hulifuata tundu dogo lililotangulia, likiwa limenyooka au limepinda. Tundu la kuongoza nalo lipite katika mwongozo.

8. Nitajuaje kama mwongozo wenyewe umenyooka?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa uchache kuliko yote, na lilistahili kutangulia. Funga katika taya fimbo ya chuma iliyonyooka, au biti ndefu mpya, simamisha mwongozo juu ya kipande cha kioo au jiwe lililosuguliwa, na ulete skwea hadi iguse fimbo. Tazama mwanga unaopita katikati yao, kwanza kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Ukiona nafasi, izungushe fimbo nusu mzunguko bila kukigusa kitako. Nafasi ikihama pamoja na fimbo, fimbo ndiyo iliyopinda au taya hazikuibana sawa. Ikibaki palepale, kosa liko katika nguzo au kitako.

Njia ya pili haihitaji skwea. Toboa tundu moja katika ubao mnene, geuza mwongozo nusu mzunguko, toboa tundu la pili kando ya la kwanza, kisha chomeka fimbo mbili ndefu zilizonyooka. Fimbo zikisimama sambamba, mwongozo ni mzima. Zikikaribiana au kuachana kadiri zinavyopanda, unaloliona ni mara mbili ya kosa halisi, na ndiyo maana jaribio hili hugundua hata mwinamo ambao skwea ya bei nafuu ingeuficha. Lirudie jaribio kwa kukielekeza kitako upande mwingine, kwa sababu kosa linaweza kuwa katika mwelekeo mmoja tu.

Miongozo mingi ina skrubu chini ya nguzo zinazoweza kulegezwa na kukazwa upya. Karatasi nyembamba iliyowekwa chini ya nguzo moja imewahi kuokoa kifaa kilichokaribia kutupwa.

9. Nawezaje kutoboa kina kilekile kila mara, na bila kuuchana upande wa pili?

Mwongozo wa nguzo huwa na pete inayokazwa kwenye nguzo ili kichwa kisishuke zaidi. Usipokuwa nayo, zungushia biti utepe wa gundi, na uuache mkia wake unaoning'inia ufagie unga. Utepe unapoanza kufagia, umefika. Ama kuchanika, hutokea kwa sababu nyuzi za mwisho hazina kinachozishikilia. Bana kipande cha mbao kisicho na kazi upande wa pili, au simama pale ncha ya biti inapochungulia, ugeuze kazi na umalizie kutoka upande huo.

## Milango na samani

10. Nafunga kitasa cha kuchomekea kwenye ukingo wa mlango. Nifanyeje tundu lisitoboke ubavuni?

Hii ndiyo kazi inayowaleta watu wengi kwenye swali la mwongozo. Kitasa cha kuchomekea kinahitaji mfuko mrefu ndani ya ukingo wa mlango, na mfuko huo hupatikana kwa kutoboa safu ya matundu yanayopakana na kisha kuyaunganisha kwa patasi. Mlango una unene wa milimita 40 au 45, kitasa chenyewe kinachukua sehemu nzuri ya unene huo, na kina ni kikubwa. Nafasi ya kukosea kila upande ni ndogo.

Kitako kipana hakikai vizuri juu ya ukingo mwembamba, kwa hiyo bana vipande viwili vya mbao iliyopigwa randa kila upande wa mlango, usawa mmoja na ukingo, ili kitako kipate pa kulala. Hakikisha kwa skwea kwamba ukingo wenyewe ni mraba kwa uso wa mlango, kwa sababu milango mingi hupigwa randa kwa mshazari kidogo upande wa kitasa ili ifunge bila kugusa fremu. Ukiukuta mshazari huo, vipande vyako vya pembeni ndivyo vitakavyokaa mraba, na mwongozo uvikalie hivyo badala ya ukingo.

Baadhi ya miongozo ina pini mbili chini ya kitako. Ukizungusha kitako hadi pini moja iguse uso huu wa mlango na nyingine iguse uso wa pili, biti hujikuta katikati bila kupimwa.

11. Na kitasa cha mviringo, chenye tundu kubwa usoni mwa mlango?

Kitasa cha aina hii huhitaji tundu la milimita 54 usoni, linalotobolewa kwa biti ya kikombe, na tundu la takriban milimita 25 ukingoni kwa ajili ya ulimi. Umbali kutoka ukingoni hadi katikati ya tundu kubwa huwa ni milimita 60 au 70, na ni lazima usomwe kwenye kitasa ulichonunua. Fremu ya plastiki inayobanwa mlangoni na kuelekeza biti zote mbili huuzwa pamoja na biti zake, na kwa kazi hii moja inashinda mwongozo wa nguzo kwa sababu hukutanisha matundu mawili bila kupima. Toboa tundu kubwa kwanza, kutoka pande zote mbili, kama ilivyoelezwa katika swali la 9.

12. Skrubu za bawaba hukaa mshazari na kuisogeza bawaba. Kuna dawa?

Ipo biti maalumu iliyo ndani ya ala yenye mdomo uliochongoka. Mdomo huo huingia katika tundu la bawaba na kujiweka katikati, kisha springi huachia biti ishuke. Ni kifaa kidogo kinachofanya kazi moja, lakini hakuna kingine katika orodha hii kinachorudisha gharama yake kwa haraka kiasi hicho. Chagua kipimo kinacholingana na skrubu zako.

Bawaba za makabati ya jikoni, zile za kikombe, zinahitaji tundu la milimita 35 lisilotokeza upande wa pili. Hapo mwongozo wa nguzo wenye pete ya kina unastahili kutolewa kabatini.

13. Nataka kuunganisha mbao kwa pini za mbao, lakini matundu hayakutani.

Matundu ya pini hayana huruma, kwa kuwa kosa la upande mmoja huongezwa kwenye kosa la upande wa pili. Tumia kipande chenye bushi kinachojiweka katikati ya unene wa ubao, na pini za milimita 8 kwa mbao za unene wa milimita 18 hadi 25. Tia alama nyuso za nje za mbao zote, na kila mara uelekeze upande uleule wa kifaa kwenye uso wa nje. Hata kama kifaa hakiko katikati kabisa, kosa litakuwa upande mmoja kwa mbao zote mbili na nyuso zitakutana sawa.

14. Je, boriti, bomba na vitu vingine vya mviringo vinatobolewaje?

Geuza kitako cha mwongozo uone kama kina mfereji wenye umbo la herufi V. Mfereji huo ukikalishwa juu ya boriti ya mkoko au bomba, huiweka biti juu ya mstari wa katikati. Boriti halisi hazina unyoofu wa kiwandani, na gome lake huwa na vinundu, kwa hiyo bandua gome na uchague sehemu iliyo laini. Usipokuwa na mfereji, pigilia mbao mbili zilizokatwa mshazari juu ya ubao mmoja ulaze boriti ndani yake.

## Kuta na vyombo vya baharini

15. Natoboa ukuta wa nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Mwongozo utasaidia?

Utasaidia kidogo, na unaweza kuharibika. Ukuta wa namna hii umejengwa kwa mawe yasiyo na umbo moja, yaliyoshikwa kwa udongo, mchanga na chokaa, na biti inayotoka kwenye jiwe kuingia katika chokaa hukimbilia sehemu laini bila kujali kilichoko nyuma yake. Lipu ya chokaa nayo ina mawimbi, kwa hiyo kitako hukaa pale wimbi lilipo. Zaidi ya hayo, drili ikiwekwa katika hali ya kugonga, mapigo yake huharibu taya na nguzo za mwongozo. Usiutumie mwongozo wa nguzo katika hali hiyo hata mara moja.

Njia inayofaa ni kuanza na biti nyembamba bila kugonga, kwa sababu tumbawe ni laini kuliko zege na kugonga hubomoa mdomo wa tundu, kisha kuongeza ukubwa kwa hatua. Kwa mwelekeo, mwombe mtu asimame ubavuni na skwea iliyolazwa ukutani, akuambie unapoinua au kushusha mkono. Ukiwa peke yako, na biti ni ndefu yenye shina laini, ivishe pete ya bolti iliyolegea: drili ikilala sawa na ardhi, pete hubaki ilipo, ukiinua mkono hukimbilia kwenye ncha, ukishusha hurudi kwenye taya. Pete haikuelezi kitu kuhusu kulia na kushoto, lakini huko jicho lako linatosha, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 2.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mabadiliko katika majengo yake husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ulizia kabla ya kutoboa mlango wa nakshi au ukuta wa jengo la humo. Tundu katika mlango wa mfenesi wenye miaka mia moja halina mbadala wa dukani.

16. Sisi waunda vyombo hatuna uso ulionyooka. Kitako kikae wapi?

Ubao wa ubavuni mwa jahazi au mashua umepindwa, na tundu la msumari linapaswa kupita katika ubao na kuingia katikati ya taruma, yaani ubavu wa chombo, lililo nyuma yake. Likienda mshazari, msumari hutokea ubavuni mwa taruma, taruma hupasuka, na mahali hapo hapatashika kalafati (kijazio cha kuziba mianya ya mbao) kamwe. Kitako kipana juu ya ubao wa namna hii hutikisika kama chungu kisicho na mafiga. Tumia kipande chembamba chenye bushi moja, chenye upana usiozidi sentimita nne au tano, na kilaze kwa urefu wake kufuata upande ambao ubao umepinda kidogo.

Keekee ya uta, ambayo wazee wa Nungwi na kwingineko waliitumia, ilipekecha polepole, na fundi alipata muda wa kurekebisha mkono kabla tundu halijazama. Drili ya umeme haitoi muda huo. Kwa hiyo iendeshe kwa kasi ya chini kabisa mwanzoni, na utie alama ya katikati ya taruma upande wa nje kwa kupima kutoka ukingo wa ubao, kabla ubao haujalifunika. Karibu na maji tumia drili ya betri.

17. Kitako hakiingii kwa sababu niko kwenye kona au ndani ya kabati. Nifanyeje?

Weka pembeni mwongozo wa nguzo. Kipande kidogo chenye bushi huingia karibu kila mahali, na pale ambapo hata drili haiingii, kipo kichwa cha pembe kinachogeuza mzunguko kwa digrii 90. Kichwa hicho hakina unyoofu wa kuaminika, na kinafaa kwa skrubu tu.

## Kutengeneza, kutunza na usalama

18. Ninaweza kujitengenezea mwongozo?

Unaweza, na kwa wengi huo ndio utakaotumika zaidi. Chukua kipande cha mninga, mvule au mtiki chenye unene wa milimita 50 au 60, kilichopigwa randa pande zote, na ukipeleke kwenye karakana yenye drili ya kusimama kitobolewe matundu ya biti unazozitumia. Kinapoanza kulegea baada ya matumizi mengi, mwombe fundi mkereza chuma akukerezee bushi za kupachika. Usitumie mnazi kwa kazi hii, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 7.

Kilicho rahisi zaidi ni kugundisha vipande viwili vya mbao iliyonyooka vikafanya kona ya pembe mraba. Kisimamishe juu ya alama, egemeza biti katika kona ya ndani, na toboa. Kinakubali biti ya kipimo chochote, na kazi ya mkono wako inabaki kuisukuma biti ikae ndani ya kona bila kukwaruza mbao.

Kwa tundu lisilo mraba, kama la miguu ya kiti inayotanuka, kata kipande chako upande wa chini kwa pembe unayoitaka baada ya kukitoboa kikiwa mraba. Baadhi ya miongozo ya nguzo huinama yenyewe, lakini ikiinama huteleza, kwa hiyo klampu ni lazima.

19. Nguzo zimeanza kushika kutu. Nizipake nini?

Hewa ya chumvi haisamehe chuma kisichopakwa mafuta. Futa vumbi kila baada ya kazi, kwa sababu unga wa mbao hunyonya unyevu na kuukalisha juu ya chuma, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo na kuzikwamisha nguzo. Kutu ikishaingia, isugue kwa msasa laini sana. Usiipunguze nguzo yenyewe, maana nguzo iliyopungua hucheza.

20. Kuna hatari gani mpya zinazoletwa na mwongozo?

Biti kubwa ikikwama, nguvu yote ya drili huhamia kwenye kitu kinachoweza kuzunguka, na hicho ni kazi isiyobanwa, mwongozo wenyewe au kifundo cha mkono wako. Bana kazi kwanza, funga kishikio cha pembeni cha drili, na usiweke vidole kati ya kichwa cha mwongozo na kitako. Mikono mirefu ya kanzu ikunjwe na ncha za mtandio zifungwe nyuma, glavu zivuliwe. Miwani ivaliwe hasa unapotoboa tumbawe na chokaa.

21. Tundu limeshakwenda upande. Linaweza kuokolewa?

Likiwa katika mbao, ndiyo. Usijaribu kulinyoosha kwa biti ileile, kwa sababu itafuata njia ya zamani. Lipanue kidogo, gundisha ndani yake pini ya mbao iliyo ngumu kama mbao yenyewe, iache ikauke usiku kucha, ikate iwe sawa na uso, kisha tia alama upya na utoboe kupitia mwongozo uliobanwa kwa klampu. Pini laini ndani ya mbao ngumu itairudisha biti palepale. Likiwa katika ukuta, jaza chokaa au saruji kulingana na ukuta ulivyojengwa, na sogea angalau sentimita tano.